Mbunifu chipukizi, usimpite fundi wa mtaani

Waulize wanafunzi wa ubunifu wa mitindo jijini Nairobi wangependa kufanyia uanagenzi wapi. Wengi watakutajia majina yale yale: wabunifu wanaovalisha wasanii na wanasiasa, wenye maduka Westlands na Karen, wenye maelfu ya wafuasi Instagram. Ni nadra umsikie mmoja akisema anataka kwenda Uhuru Market, akae miezi mitatu kando ya mama anayeshona sare za shule. Kwa maoni yangu, huyo mama ndiye angetangulia.

Sina ubishi na wabunifu wakubwa. Kwao utajifunza kupanga mkusanyiko mzima wa mavazi badala ya gauni moja, kuongea na mteja mwenye pesa bila kutetemeka, na kuweka bei inayohesabu muda wako, si kitambaa peke yake. Kukaa karibu na mjuzi kunalipa. Chapa ya KikoRomeo ilianzishwa Nairobi mwaka wa 1996 na Ann McCreath, na ubunifu wake ukaja kurithiwa na bintiye, Iona. Lakini wengi wetu hatuna mama mwenye chapa. Tuko na fundi pale kona ya mtaa.

Tatizo ni mfuatano. Ukiingia studio ya mbunifu mkubwa na bado hujui kutia zipu ikakaa bila kujikunja, utapewa kazi gani? Utatumwa chai. Utabeba nguo kutoka kwa gari hadi ukumbini. Utashika simu urekodi video za nyuma ya jukwaa. Miezi mitatu inaisha, unapewa barua yenye muhuri na umepata picha kadhaa za kuposti. Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Wewe hukusana wala hukuvukuta, na karo imelipwa.

Kwa fundi, mambo ni tofauti. Mteja anakuja na picha kwenye simu. Gauni limevaliwa na mrembo mrefu, mwembamba. Yeye ni mfupi, ana kifua na nyonga, na harusi ni Jumamosi. Fundi anapima, anatazama kitambaa, kisha anajua kiuno kipandishwe kidogo, mikono ipunguzwe na mshono wa bega usogezwe. Hiyo si kunakili picha. Huo ni ubunifu, vazi kufikiriwa upya juu ya mwili wa mtu halisi. Kwa wiki moja utakutana na miili ambayo sanamu za darasani, zote za kipimo kimoja, haziwezi kukuonyesha.

Kitenge nacho ni mwalimu mkali. Maua makubwa yasipokutana kwenye mshono, kila mtu ataona. Na kwa sababu mteja amekuletea kipande kimoja tu, unajifunza kufikiria mara tatu kabla ya kushika makasi. Chuoni ukikosea unapoteza alama. Hapa ukikosea unalipa.

Usisahau Gikomba. Nunua koti kuukuu la sufu, ulifumue mshono mmoja baada ya mwingine. Utaona bitana ilivyoshikizwa, kola ilivyowekewa kitambaa kigumu ndani ili isimame, na kwapa lilivyokatwa ili mkono uinuke bila koti lote kupanda. Kisha jaribu kulirudisha lilivyokuwa. Ukikwama, muulize fundi anayerekebisha mitumba hapo kando.

Kama unadhani hii ni njia ya walioshindwa, msome Alexander McQueen. Akiwa na miaka 16 alikuwa mwanagenzi kwa mafundi wa suti wa Savile Row, London, kwanza Anderson & Sheppard, halafu Gieves & Hawkes. Baadaye ndipo alipoingia chuo cha Central Saint Martins kusomea shahada ya uzamili. Dunia ilikuja kumsifu kwa mkato wake, na mkato huo aliufunzwa na mafundi kabla ya wahadhiri.

Najua malalamiko. Fundi ana "rudi kesho" zake. Hachori, hafafanui, anakwambia tu "tazama". Kweli. Lakini ukitazama mikono yake wiki mbili, maswali yako yanabadilika, na hapo hata yeye huanza kuongea. Mpe pia cha kubadilishana. Wewe unajua kuchora, kupiga picha safi za kazi yake na kumtafutia wateja mtandaoni. Mwite mwalimu, umheshimu hivyo, na usigeuze kibanda chake kuwa mandhari ya video zako.

Vyuo navyo visikwepe. Nyingi ya fomu za uanagenzi hudai kampuni iliyosajiliwa, muhuri na afisa wa kutia sahihi, na hapo fundi wa kibandani ameshafungiwa nje. Ilhali mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, tayari hupima ujuzi wa mafundi na kuwapa vyeti, kuanzia gredi ya tatu hadi ya kwanza. Chuo kinaweza kuandaa orodha ya mafundi wenye vyeti hivyo, kiwapelekee wanafunzi kwa zamu, na kiwalipe. Mhadhiri mgeni akija kuongea saa mbili huwa analipwa. Fundi anayemvumilia mwanafunzi muhula mzima, akiharibiwa uzi na sindano, afanye bure kwa nini?

Likizo inakaribia. Kabla hujamtumia mbunifu mashuhuri ujumbe wa kumi ambao hatajibu, pita kwa fundi wa mtaa wenu asubuhi kabla wateja hawajajaa. Muombe uanze na kufagia vipande na kushona pindo. Ujumbe wa kumi na moja utautuma ukiwa na nguo uliyoishona mwenyewe, ikiwa imevaliwa na mtu aliyeilipia.