Amepona mapafu, akili bado

Safu ya Jumanne
Na Zuhura Mbwana

Mwalimu mmoja wa hesabu ninayemfahamu hapa Tanga alikuwa akikokotoa ubaoni huku anaongea na darasa, bila hata kutupia jicho kitabu. Mwanzoni mwa 2021 aliugua kifua, akalazwa, akawekewa oksijeni, akaruhusiwa. Tangu hapo akianza kuzidisha namba ndefu, akifika katikati chaki inasimama. Kanuni yote anaijua, ila hakumbuki amefikia wapi. Wanafunzi wa mbele humnong'oneza: "Tulibeba tatu, mwalimu."

Mkuu wake anamwona mvivu. Nyumbani wanasema ana mawazo, na kuna aliyekwisha kutaja mganga. Usiku usingizi haumjii, mchana machozi humtoka bila sababu, mtu mzima na watoto wake. Huyu ni mgonjwa, na inaniuma kuona anasemwa badala ya kutibiwa. Nashuku kifua kile kilikuwa korona, na korona huweza kuugusa ubongo.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, wakiongozwa na Gwenaëlle Douaud, walikuwa na kitu adimu: picha za ubongo za watu zilizopigwa kabla hawajaugua korona. Wakawapiga picha tena watu 785, ambao 401 kati yao walikuwa wameambukizwa katika kipindi hicho. Matokeo yaliyotoka Machi 2022 yalionyesha kuwa walioambukizwa walipoteza tishu zaidi ya wenzao, kati ya asilimia 0.2 na 2, kwenye sehemu zinazohusika na kunusa na kumbukumbu. Wengi wao hata hawakulazwa. Huo ni wastani, kwa hiyo aliyeugua na yuko salama asianze kujitisha.

Wala si lazima virusi viingie ubongoni ili kuudhuru. Kinga ya mwili inapopambana na maradhi kifuani humwaga kemikali, na kemikali hizo huweza kuamsha seli zinazoulinda ubongo. Seli hizo zisipotulia, huvuruga mawasiliano ya neva. Mishipa midogo ya damu nayo huweza kuumia. Huenda ndiyo maana wasiwasi na sonona huandamana na kusahau. Mwaka 2021 jarida la Lancet Psychiatry lilichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za wagonjwa wa korona zaidi ya 236,000, wengi wa Marekani: ndani ya miezi 6 tangu waugue, theluthi moja hivi walikutwa na tatizo la neva au la akili, baadhi yao kwa mara ya kwanza maishani.

Kwetu kuna mzigo wa ziada. Mwishoni mwa Aprili 2020 takwimu za korona zilikoma kutangazwa, na kwa zaidi ya mwaka mzima wengi walitibiwa bila kupimwa. Cheti cha mwalimu wangu kimeandikwa nimonia. Leo akifika kliniki akasema kumbukumbu imeyumba, nani atakumbuka kuuliza habari za kifua cha 2021? Hana karatasi, basi hana ugonjwa!

Hapo ndipo tunapokosea. Shirika la Afya Duniani, lilipoeleza hali hii ya dalili zinazobaki baada ya korona Oktoba 2021, halikudai majibu ya kipimo. Linatambua hata maambukizi yanayodhaniwa kutokana na dalili za wakati ule, mradi tatizo lionekane kwa kawaida miezi 3 tangu mtu augue, lidumu angalau miezi 2, na lisiwe na sababu nyingine.

Shule inaweza kumpangia vipindi vichache na nafasi ya kupumzika katikati, kwa sababu kujilazimisha huwazidishia wengi uchovu. Daktari naye aulize: uliumwa lini, ulipoteza kunusa, kusahau kulianza lini? Kisha apime sukari, wingi wa damu na tezi ya shingo, asije akaisingizia korona kila kitu. Sonona ikigundulika itibiwe, kiini chake kiwe virusi au kingine. Dawa zipo, na ushauri nasaha unasaidia. Wizara ya Afya iyaingize maswali hayo kwenye mafunzo ya wahudumu wa zahanati mwaka huu. Hayahitaji mashine.