Shujaa Asiyetazamiwa: Neno kwa Wakatazao Sinema



Kuna maneno yasemwayo katika mitaa na vijiji vyetu vya Ilemela, toka Kirumba hata Igombe na Kayenze, ya kwamba sinema za michoro ni upuuzi, tena huwaharibu watoto. Na Mkristo aonekanaye akizicheka pamoja na wanawe amejivunjia heshima. Wasemao hivi si wajinga. Wamo wazee wa kanisa, wamo na walimu wenzangu. Walakini mimi nakataa neno lao, nami nitatoa sababu zangu kwa kutumia sinema moja tu, maana abishaye mambo yote kwa pamoja hathibitishi hata moja.

Sinema hiyo ni Kung Fu Panda, iliyotolewa Marekani mwaka 2008 na kampuni ya DreamWorks. Panda ni mnyama wa Uchina, jamaa ya dubu, mwenye rangi nyeupe na nyeusi. Huyu wa sinema, jina lake Po, ni mnene, mzito, mpenda kula, na kazi yake ni kuuza tambi katika mgahawa wa baba yake mlezi, ambaye ni bata bukini. Siku moja mzee Oogway, kobe mwenye hekima, anataka kumchagua shujaa wa kulilinda bonde lao. Wako watano waliofunzwa miaka mingi, na watu wote wanawatazamia hao. Po naye ataka kuona tu. Amechelewa, mlango umefungwa. Basi anajifunga kwenye kiti chenye fataki ili aruke ukuta, anaanguka katikati ya uwanja, na kidole cha kobe kinasimama juu yake! Mtu mzima akitazama jambo hilo na asicheke, huyo ana huzuni nyingine moyoni, wala si sinema iliyomletea.

Wasema, “Wanyama hawasemi; huu ni uongo.” Je, bibi zetu walikuwa waongo waliposimulia motoni habari za Sungura na Fisi? Na Yothamu, aliyesimama juu ya mlima Gerizimu akawapa watu wa Shekemu kisa cha miti iliyotafuta mfalme, tumwite mwongo? Someni Waamuzi, sura ya 9. Mfano si uongo. Mfano ni njia ya kumwambia mtu ukweli ambao angeukataa kama ungeambiwa usoni pake.

Wasema tena, “Ni mambo ya kigeni.” Nguo yake ni ngeni, nakubali, mwili wake twaujua. Sisi Wasukuma tunaye Masala Kulangwa. Zimwi Shing'weng'we lilimeza watu wote, akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha katika makapi, naye akamzaa mtoto huyo. Mtoto alipokua akaenda kulitafuta zimwi. Akaleta panzi, akaambiwa siye. Akaleta ndege, akaambiwa siye. Wala hakuacha, mpaka alipoliua lenyewe na kulipasua tumbo, watu wakatoka. Padre Donald Sybertz wa shirika la Maryknoll, aliyekaa miaka mingi Usukumani, pamoja na mwenzake Padre Joseph Healey, walikiweka kisa hiki katika kitabu chao cha mwaka 1996, maana waliona jinsi kinavyomwelekeza Msukuma kwa Kristo Mkombozi. Na nani asiyemkumbuka Daudi, mdogo wa wana wa Yese, aliyekuwa malishoni na kondoo hali Samweli akiwatazama kaka zake? Mgeni yuko wapi basi?

Lakini sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Sinema hii inatuuma sisi wakubwa kuliko watoto, nami nashuku kuwa ndiyo sababu wengine hawaipendi.

Mwalimu Shifu, aliyekabidhiwa panda amfundishe, hakumtaka. Alimdhihaki, akamchosha, akatumaini atakata tamaa aende zake. Mwalimu gani kati yetu hajawahi kuona jambo hili darasani? Mtoto mzito anawekwa nyuma, anaitwa mbumbumbu mbele ya wenzake, kisha akitoroka shule kwenda kuanika dagaa mwaloni, twasema, “Tulijua.” Kobe alimwonya Shifu kwamba mbegu haigeuki kuwa mti mwingine kwa hasira ya mwenye shamba, kazi yake ni kuipanda na kuitunza. Ndipo siku moja Shifu akamwona Po amening'inia kwenye rafu za juu kwa wepesi wa ajabu, akitafuta biskuti. Akatambua kwamba uwezo umo, ila alikuwa akigonga mlango usio wake. Toka hapo akamfundisha kwa bakuli la chakula, na mwanafunzi akafunzika. Sijaona kitabu cha ualimu kilichonieleza jambo hili wazi kuliko kicheko hicho.

Mtazameni na adui wa bonde, chui aitwaye Tai Lung. Huyu hakuwa mjinga wala mnyonge. Ndiye aliyekuwa wa kwanza darasani! Shifu alimlea toka utoto, akamjaza sifa, akamwaminisha kwamba heshima yote ni haki yake. Aliponyimwa, akaliharibu bonde. Ndugu wazazi, ni wangapi waliowapa wana wao sifa bila adabu, nao wakarudi kuwatawanyia nyumba?

Sasa, wapinzani wangu wana neno moja la haki, wala sitalificha. Panda anakuwa bingwa kwa muda mfupi mno, na mtoto aweza kudhani kwamba ushindi hauna jasho. Tena vile vibanda vya video vyenye giza, ambamo baada ya panda huwekwa picha za damu na uchi mpaka usiku, hata mimi navichukia. Lakini dawa yake ni nini? Kukataza? Mtoto aliyekatazwa huenda kutazama kwa jirani, peke yake, asiwe na wa kumwuliza. Dawa ni mzazi kuketi naye, kucheka naye, kisha kumwambia, “Panda alianguka mara ngapi kabla ya kushinda?”

Wala msidhani jambo hili ni dogo. Kanda yetu ya Ziwa ilijulikana duniani kwa aibu, hasa miaka ya 2007 na 2008, kwa kuuawa kwa ndugu zetu wenye ualbino. Wauaji hao walikuwa watoto zamani, nao mahali fulani walijifunza kwamba yuko mtu asiyehesabika kuwa mtu. Sisemi kwamba sinema ingaliwazuia. Nasema kwamba mtoto aliyemshangilia mnyonge akichaguliwa, na baba yake akishangilia pamoja naye, amejifunza kinyume cha hayo, naye amejifunza kwa furaha.

Kwa hiyo, enyi wazee wa kanisa, kabla hamjaihukumu tena sinema hii, itazameni mara moja na wajukuu wenu, toka mwanzo hata mwisho. Nanyi walimu wenzangu, kesho mkiingia darasani mtazameni yule wa nyuma. Aliye na jibu na alilete. Nitalisoma kwa heshima.

Ni mimi ndugu yenu,
Mwalimu, Ilemela