Malezi: Kengele ya Shule Haingoji Mtu



Mwezi huu tumeona tulizungumzie jambo ambalo wengi wetu hulihesabu kuwa dogo, nalo ni mahudhurio ya watoto wetu shuleni: kwenda kila siku, na kufika kabla ya kengele kulia. Jambo hili likitajwa miongoni mwetu, lawama humwangukia mtoto. Huambiwa ni mvivu, mzito wa kuamka, mwenye michezo mingi njiani. Sisi hatuoni hivyo. Mtoto wa miaka minane akichelewa, aghalabu aliyechelewa ni mzazi wake.

Tutazame asubuhi zetu hapa Rosettenville. Mwezi wa Desemba na Januari alfajiri huingia karibu na saa kumi. Tunasali, kisha tunarudi kulala, na usingizi huo wa pili ndio unaotuponza. Mwezi wa Juni jua halichomozi mpaka karibu saa moja, baridi nayo ni kali, na mama humwonea mtoto huruma akamwacha dakika kumi zaidi katika blanketi. Dakika kumi hizo ni ghali. Mwanzo wa somo ndipo mwalimu anapoeleza kazi ya siku, na mtoto wetu, ambaye bado anajifunza lugha ya kufundishiwa, ndiye mwenye haja kubwa kuliko wenziwe ya kuyasikia maelezo hayo tangu neno la kwanza.

Lakini kuchelewa ni nusu tu ya maneno. Linalotuuma zaidi ni siku nzima zinazopotea kwa amri yetu wenyewe. Mama ana miadi kliniki. Kiingereza hakimtoki na Kizulu hakijui. Binti yake wa darasa la sita anazijua lugha zote mbili, basi siku hiyo haendi shule, huenda kuwa mkalimani. Wiki ijayo baba anaitwa ofisini kwa ajili ya hati zake, na binti ni yule yule. Wiki nyingine jirani naye anaomba aazimwe. Tumeyaona haya, na baadhi yetu, tusifiche, tumeyafanya. Mtoto huyo amekosa hesabu, na zaidi ya hayo amelazimika kumweleza muuguzi siri za mwili wa mama yake ambazo umri wake hauwezi kuzibeba. Siku ya baba ikipotea, ujira hupungua na hasara huonekana jioni ile ile. Siku ya mtoto haina ujira, ndiyo maana tunaitoa kwa wepesi.

Kuna na suala la Ijumaa. Wapo wanaowabakisha watoto nyumbani tangu asubuhi kwa hoja ya sala. Ijumaa ni moja katika siku tano za masomo. Anayezikosa zote kwa miaka mitano amekosa mwaka mzima. Sala ina wakati wake, na asubuhi yote iliyo kabla yake ni ya darasa. Mzazi amwandikie mwalimu barua ya adabu, aombe ruhusa ya saa ile tu. Na binti, ambaye mara nyingi hata msikitini hapelekwi, yeye hubakishwa kwa sababu gani?

Safari ya nyumbani ya Desemba nayo ina kisa chake. Tunaijua familia moja iliyokwenda pwani kwa harusi, ikarefusha kukaa, ikarejea shule ikiwa imekwisha kufunguliwa wiki tatu. Jina la mtoto lilikuwa limefutwa, na nafasi ilikwisha kupewa mwingine. Mzazi alikasirika, akadhani ni chuki ya ugeni. Kumbe mwongozo wa mahudhurio wa mwaka 2010 unamruhusu mwalimu mkuu kulifuta katika rejesta jina la mtoto aliyekosa siku 10 mfululizo za masomo bila ya udhuru, baada ya kujaribu kuwasiliana na mzazi. Ugonjwa, msiba, sikukuu ya dini na wito wa ofisi ya serikali ni udhuru unaokubalika, lakini sharti mzazi aiarifu shule.

Katika mtaa wetu huu ilikuwapo shule ya misheni ya St Peter's, ambako Oliver Tambo alisoma na kisha akafundisha. Ilifungwa mwaka 1956, kwa sababu wenyewe walikataa kuwafundisha watoto weusi elimu duni iliyotakiwa na sheria ya mwaka 1953. Leo sheria imegeuka. Ile ya Shule ya mwaka 1996, iliyorekebishwa mwaka 2024, humlazimu mzazi kumpeleka mtoto shuleni, na asiyefanya hivyo bila ya sababu aweza kutozwa faini au kufungwa hadi miezi 12. Wala mzazi asiye na hati asijifiche nyuma ya neno hilo: Desemba 2019 Mahakama Kuu iliyoketi Makhanda iliamua kwamba shule za serikali zisimkatae mtoto kwa kukosa karatasi.

Tukirudi kwa yule binti mkalimani, tumezungumza na vijana watatu na akina mama wawili wa jamaa zetu wanaokijua Kiingereza vizuri, wamekubali kuwasindikiza wagonjwa na wenye shida za ofisi bila ya malipo ila nauli. Akina mama waende na akina mama. Mwenye miadi na atuarifu siku mbili kabla, baada ya sala ya Ijumaa au kwa kumpa ujumbe anayewaletea jarida hili.