Usifute jaribio kwa sababu ya kifurushi cha watu

NI saa tano usiku. Mteja anataka tovuti ya duka lake kesho asubuhi, nawe umeongeza kifurushi kimoja tu, lodash-es. Unaendesha majaribio kwa Jest, skrini inageuka nyekundu: Cannot use import statement outside a module. Kwenye kivinjari kila kitu kiko sawa. Sasa utafanya nini? Wengi wenu, tuseme ukweli, mnafuta jaribio na kwenda kulala.

Hapo ndipo tunakosana. Jaribio hilo ndilo linalokagua jumla ya bei kwenye kikapu cha mnunuzi. Hesabu ikipinda wiki ijayo, wa kwanza kujua atakuwa mwenye duka, akipiga hesabu za M-Pesa zisizolingana na bidhaa alizotoa.

Na msimbo wako wala hauna kosa! Node ilianza na mtindo wa require. Import ikaingia rasmi kwenye JavaScript mwaka 2015. Jest huzipitisha faili zako kwa Babel zigeuzwe kuwa mtindo wa zamani, lakini bila kuambiwa vingine huiruka folda nzima ya node_modules. Huchukulia kwamba vifurushi vilivyomo vimeshageuzwa. lodash-es haijageuzwa, tena kwa makusudi.

Hebu soma ujumbe wote, si mstari wa kwanza pekee. Kuna njia ya faili iliyogoma. Jina linalofuata node_modules ndilo la mhusika. Kisha kwenye mipangilio ya Jest andika:

transformIgnorePatterns: ['/node_modules/(?!lodash-es/)']

Yaani, ruka vyote isipokuwa hiki. Likitokea jina jingine, liongeze. Ila usiagize Jest igeuze node_modules nzima, jinsi baadhi ya wajuaji wanavyoshauri. Majaribio yatakokota kama matatu ya Thika Road saa kumi na mbili jioni.

Bado inagoma? Angalia mipangilio ya Babel iko wapi. Ikiwa kwenye .babelrc, haigusi vifurushi vya watu wengine. Ihamishie kwenye babel.config.js. Hapa ndipo wengi hukwama, wakaulaumu ule mstari wa kwanza na kuufuta, ilhali ulikuwa sawa tangu mwanzo.