Ujira wa kibarua haungoji kibali
Na Onesmo Bukuru

Ngwe hupimwa kwa miguu ya mwenye shamba. Anatoka kwenye mgomba huu mpaka ule, anahesabu hatua, anachomeka kijiti, anataja bei. Kibarua anaitazama ngwe, analitazama jembe lake, anaitikia. Ukienda shamba la jirani utakuta hatua zimerefuka na bei ni ileile. Karatasi hakuna. Shahidi ni kijiti, na kesho yake mbuzi wamekwisha kukiangusha.

Wengi wa vibarua wanaolima, kupalilia na kuchuma kahawa kwetu Mugoma na Ngara nzima wanatoka Burundi. Hakuna asiyelijua hilo. Kihangaza na Kirundi tunasikilizana bila mkalimani, na Bugufi yetu ilikuwa sehemu ya ufalme wa Burundi mpaka wakoloni walipogawana nchi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia na sisi tukaangukia upande wa Waingereza. Anayelala kwenye kibanda cha shambani huenda ni ndugu wa ukoo. Ndiyo maana yanayomkuta siku ya malipo yananiuma.

Mara nyingi pesa hubaki kwa tajiri. Kibanda hakina kufuli, na kibarua mwenyewe husema, "Nitunzie, nitachukua zote nikirudi nyumbani." Miezi inapita. Siku ya kuondoka daftari linafunguliwa: unga umekatwa, chumvi imekatwa, jembe lililovunjika limekatwa, siku alizougua hazimo. Akihoji, anaambiwa neno moja tu: Uhamiaji. Anafunga mzigo wake usiku. Si kila mwenye shamba hufanya hivi. Wapo wanaolipa mpaka senti ya mwisho na kumsindikiza mgeni na debe la maharage. Lakini wanaofanya wanajulikana kwa majina, na hakuna anayewauliza.

Tuitazame sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza, katika kifungu cha 7, kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya utaifa wake. Inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki. Amri ya mishahara ya 2022 iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha shilingi 140,000 kwa mwezi katika kilimo. Gawa kwa siku 26 za kazi, unapata kama 5,400 kwa siku. Nani kwetu amewahi kupima ngwe yake kwa hesabu hiyo?

Sheria hiyohiyo ina tundu. Kifungu cha 15, kinachomtaka mwajiri aandike masharti ya kazi, hakimhusu anayemfanyia mwajiri mmoja kazi chini ya siku sita kwa mwezi. Kibarua wa siku mbili hapa na siku tatu kule anapita katikati ya tundu hilo. Na hata aliyekaa mwezi mzima, akidhulumiwa, madai ya ujira anatakiwa kuyafikisha Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Kutoka Ngara mpaka Bukoba, makao makuu ya mkoa, ni safari ndefu ya basi, na njiani kuna vizuizi vinavyouliza vitambulisho. Mtu asiye na kitambulisho cha kuonyesha atakwenda?

Kuna waliotumaini Jumuiya ya Afrika Mashariki ingeliondoa tatizo. Burundi ilijiunga mwaka 2007, Itifaki ya Soko la Pamoja ikaanza Julai 2010. Lakini katika ratiba ya ahadi zake, Tanzania ilifungua milango kwa wataalamu na mafundi wenye sifa maalumu. Mkulima wa jembe la mkono hakutajwa. Mwaka 2015 ikaja sheria ya ajira za wageni, inayotaka kibali cha kazi, na inayomtia hatiani hata mwajiri anayemwajiri mgeni asiye na kibali. Huyo mwajiri sijapata kumwona ndani ya karandinga. Operesheni Kimbunga ya 2013, iliyopita Kagera, Kigoma na Geita, iliondoa maelfu ya watu kwa haraka, na aliyekuwa na ujira mikononi mwa tajiri hakupewa nafasi ya kuudai.

Wazee wetu walikuwa upande wa pili wa jambo hili. Enzi za ukoloni watu wa Bugufi na Biharamulo walitembea kwa miguu kwenda Buganda kulima pamba na kahawa za wenzao, na wengine wakaenda kuwa manamba kwenye mkonge. Mwaka 1954 Audrey Richards, aliyeongoza taasisi ya utafiti wa jamii pale Makerere, alihariri kitabu kizima kuhusu wahamaji wa Buganda: wanatoka wapi, wanalipwa nini, wanalala wapi, wangapi wanarudi kwao. Yalikuwa macho ya mkoloni, nakubali. Ila kibarua alionekana humo. Leo utafiti wetu wa nguvukazi, kama ule wa 2020/21 wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu, unafanywa kaya kwa kaya. Mtu wa kibandani atahesabiwa katika kaya ya nani, wakati tajiri mwenyewe anamficha? Vyuo vyetu vimeandika vya kutosha kuhusu viwanda na migodi. Naomba mwanafunzi mmoja aje akae msimu mmoja mashambani Ngara, ajue bei ya ngwe ni ngapi na nani halipwi.

Wakati tunamsubiri, serikali ya kijiji haihitaji ruhusa ya kuwa na utu. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Mtendaji awe na daftari la vibarua: jina, shamba, bei, siku ya kulipwa. Ngwe ipimwe kwa kamba moja ya kijiji, yenye urefu unaojulikana, iliyofungwa mafundo mbele ya watu. Ujira usikae kwa tajiri zaidi ya mwezi. Na kibarua akija ofisini kudai chake, swali la kwanza liwe amefanya kazi gani na kwa nani. Uhamiaji wana kazi yao, waifanye. Ila aliyelima alipwe kabla hajapandishwa gari.

Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila miezi mitatu. Ajenda hii itaungwa mkono na wakulima wanaolipa vizuri, maana wao ndio wanaokimbiwa na vibarua jina la kijiji likishachafuka. Diwani wangu nimekwisha kumwandikia.