Nani Ashike Fedha Mpaka Mzigo Ufike?

Kariakoo, jijini Dar es Salaam, kuna utaratibu wa siku nyingi unaoitwa mali kauli. Mchuuzi anachukua katoni za viatu kwa mwenye duka la jumla bila kutoa hata shilingi, anakwenda kuuza, kisha anarudi kulipa. Hakuna mkataba wala rehani. Mwenye duka anamjua mtu wake: anajua anakoishi, amewahi kwenda msibani kwake, na ana hakika kwamba akitoroka na mzigo mmoja, Mtaa wa Kongo wote utakuwa na habari kabla ya jua kuzama. Baada ya hapo hakuna atakayemkopesha hata pea moja ya soksi.

Sasa tumfikirie mnunuzi aliyeko Mbeya. Usiku anapitia Instagram, anaona gauni la shilingi 45,000 kwenye ukurasa wenye wafuasi maelfu. Anauliza bei, anaambiwa aende inbox. Huko anaelezwa atume fedha kwanza, mzigo utapanda basi la alfajiri. Anatuma. Asubuhi anapokea picha ya risiti ya basi, moyo unatulia. Siku ya pili anakwenda stendi, mzigo haupo. Namba ya simu haipatikani, na ukurasa wenyewe hauoni tena kwa sababu ameshafungiwa. Mtaani watasema kapigwa.

Na wote watamuuliza swali lilelile: kwa nini ulituma kabla ya kuona mzigo? Linaulizwa kama busara, lakini ni la kumwonea. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam, aliko muuzaji, ni zaidi ya kilomita mia nane. Yeye akisema hatoi fedha mpaka auone mzigo, muuzaji naye atautuma kwa imani gani?

Muuzaji ana vilio vyake, na havisikiki vya kutosha. Anapokea oda ya Mbagala, anamlipa bodaboda, bodaboda anafika na simu ya mteja imezimwa. Nauli imekwenda na mzigo unarudi. Mwingine anaoneshwa ujumbe wa muamala uliotengenezwa ukafanana na ule halisi, jina na kiasi vyote vimo, anakabidhi simu aliyoiuza, na jioni akitazama salio hakuna kilichoingia. Kenya kuna wanaolipa kweli, wakaondoka na bidhaa, kisha wakaomba muamala urudishwe kwa madai kwamba walikosea namba.

Mwaka 1970 mchumi Mmarekani George Akerlof aliandika juu ya soko la magari yaliyotumika. Alionesha kwamba mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zima na bovu, hatakubali kulipa bei ya gari zima. Wenye magari mazima wanajitoa, soko linabaki na mabovu. Kwa kazi hiyo alikuwa mmoja wa washindi watatu wa Nobeli ya uchumi mwaka 2001. Ndicho kinachowatokea wauzaji waaminifu wa mtandaoni leo. Binti anayeshona mikoba mizuri kwa mikono yake anabebeshwa dhambi ya tapeli asiyemjua, anaombwa ashushe bei, apeleke mzigo kwanza, asubiri. Mwenye mtaji mdogo hawezi kusubiri sana. Anafunga ukurasa, na tapeli anabaki.

Wengine duniani walikutana na tatizo hili mapema. Pierre Omidyar alianzisha mnada wa mtandaoni uliokuja kuitwa eBay mwaka 1995, na mwaka uliofuata akaweka mahali ambapo mnunuzi na muuzaji wangepeana sifa au lawama hadharani. Ilisaidia, lakini sifa nazo zina hila zake. Wauzaji walianza kulipiza kisasi kwa wanunuzi waliolalamika, hata mwaka 2008 kampuni ikawaondolea wauzaji uwezo wa kumpa mnunuzi lawama. Alama za uaminifu nazo hununuliwa. Mwaka 2011 Alibaba ya China iligundua kuwa wauzaji zaidi ya 2,300 waliolipia hadhi ya juu kwenye soko lake walikuwa wamewatapeli wanunuzi, na baadhi ya wafanyakazi wake wenyewe walihusika. Mkurugenzi mtendaji wa soko hilo, David Wei, akajiuzulu.

Kwa hiyo wafuasi wengi kwenye ukurasa si dhamana. Wafuasi hununuliwa, jina la ukurasa hubadilishwa, na sehemu ya maoni hufungwa ili aliyelizwa asipate pa kusemea.

Ila Alibaba hiyohiyo ilikuwa imeshagusa dawa yenyewe. Oktoba 2003, kwenye soko lake jipya la Taobao, mwanafunzi wa mji wa Xi'an alinunua kamera iliyotumika kwa muuzaji aliyekuwa Japani. Hawakujuana. Taobao ikapokea fedha ikazishika, muuzaji akaambiwa fedha ipo, akatuma kamera, mnunuzi akathibitisha kuipata, ndipo muuzaji akalipwa. Utaratibu huo ndio uliozaa Alipay mwaka 2004. Mwisho wa 2006 eBay ilifunga tovuti yake ya China. Sababu zilikuwa kadhaa, ikiwemo kwamba Taobao haikuwatoza wauzaji ada, lakini fedha iliyokaa katikati iliwapa wasiojuana ujasiri wa kufanya biashara.

Afrika Mashariki ina nini cha kuizuia? M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Leo mama muuza nyanya anapokea malipo kwa simu. Zaidi ya hayo, fedha za wateja zilizo kwenye simu tayari huwekwa benki katika akaunti za amana, kwa matakwa ya kanuni. Kampuni hizi zinajua kushika fedha ya mtu kwa niaba yake. Kinachokosekana ni kitufe kimoja: lipa, zuia, achia mzigo ukifika.

Atakuwepo wa kupinga, na hoja yake ni ya kweli. Wauzaji wengi wa Instagram hawana stoo. Ni mawinga: wanapiga picha bidhaa za duka la mtu, wakilipwa ndipo wanakwenda kuzichukua Kariakoo. Fedha ikizuiwa yote, hawana cha kununulia. Basi iachiwe sehemu ya mwanzo kama arbuni, iliyobaki itoke mzigo ukipokelewa. Hayo ni mambo ya kupanga. Hayatoshi kuwa sababu ya kumwacha mnunuzi atume kila kitu gizani.

Sheria zipo. Tanzania ilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki mwaka 2015, na tangu Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa. Lakini matapeli hutumia laini zilizosajiliwa kwa vidole vya watu wengine, ndiyo maana wananchi huhimizwa kupiga *106# waone laini zilizo kwa majina yao. Tena nani atafunga safari ya Mbeya hadi Dar, alipe nauli, chakula na malazi, kufuatilia shilingi 45,000 polisi? Tapeli amepiga hesabu hiyo. Anachukua kidogo kidogo kwa wengi, kila mmoja akione kiasi chake hakistahili kupiganiwa. Adhabu baada ya wizi haitamfikia, ila kuzuia fedha kabla haijamfikia kutamkata mikono.

Benki Kuu ndiyo inayosimamia mifumo ya malipo nchini, na kampuni za simu hukata ada kwenye miamala, ukiwemo ule uliokwenda kwa tapeli. Wakae meza moja waweke huduma ya kushika malipo, yenye ada ambayo mnunuzi wa gauni la 45,000 anaimudu, na yenye mtu wa kusikiliza pale pande mbili zinapobishana. Hadi hapo, aliyepigwa asinyamaze kwa aibu: atume ujumbe na namba ya tapeli kwa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kupitia 15040, na atoe taarifa kwa kampuni yake ya simu saa hiyohiyo, kabla fedha haijatolewa kwa wakala.