Staa na Mnara wa Mtumba: Mnacheka Kitu Siyo

Haya wadau, video mmeiona. Staa wetu mmoja wa muziki, jina tunaliweka mfukoni, kajirekodi Msasani akiwa juu ya boti yake, shati wazi vifungo vyote, na juu ya kichwa chake kuna ule mnara wa mabomba mnaouona kwenye video za Miami. Haikupita hata siku, mjanja mmoja akafukua tangazo la zamani: mnara ule ule, mkwaruzo ule ule kwenye mguu wa kushoto, ulikuwa unauzwa mtumba Dubai. Basi, mtandao ukawaka. "Bilionea wa mitumba." "Boti ya mkopo, mnara wa mtumba, mapafu tu ndiyo yake."

Nimecheka, siongopi. Ila nilipoirudia video mara ya tatu nikaacha kuangalia shati, nikaangalia miguu ya mnara. Kicheko kikakata.

Kwanza tuwekane sawa. Mtumba siyo dhambi. Nani mjini hapa ana usafi wa kumcheka mwenzake kwa mtumba? Gari lako limeshuka bandarini likiwa limeshamchosha Mjapani miaka kumi, jinzi uliyovaa ukitype hiyo komenti imetoka Karume, na bado unatembea kifua mbele. Mnara mpya unaweza kula maelfu ya dola. Aliyeuchukua wa mtumba ana akili ya pesa, mwacheni apumue.

Swali ni umefungwaje.

Maana mnara ule siyo pambo. Ulianza kushika kasi Marekani miaka ya tisini, na mwaka 1997 kampuni ya Correct Craft ya Florida ikatoa boti yake ya Super Air Nautique ikiwa na mnara toka kiwandani. Kazi yake ni moja: kamba inafungwa juu, mita kama mbili toka majini, ili anayevutwa akiwa kasimama kwenye ubao asivutwe kwenda chini anaporuka wimbi. Kamba ikiwa chini inamkandamiza, ikiwa juu inamsaidia kupaa. Sasa fikiria, mtu mzima anavutwa kwa kasi, anakata kona, anaruka, anatua. Huo mvuto wote unaishia kwenye miguu minne ya mnara. Na ile miguu imekaa juu ya faiba.

Hapa mniruhusu stori yangu. Mwaka juzi tulitoka na boti ya mshikaji kwenda Bongoyo. Naye alikuwa na mnara wa mtumba, umefungwa wiki ile ile. Aliyekuwa anavutwa ni mdogo wangu. Raundi ya pili tu tukasikia mlio kama mtu kavunja sahani, mguu mmoja wa nyuma ukang'oka na kipande cha boti, mnara ukapinda ukalala juu ya kiti. Dakika moja kabla, kwenye kiti kile alikuwa amekaa dada mmoja, kainuka kwenda kuchukua maji. Hakuna aliyeumia. Ila kurudi nchi kavu hakuna aliyeweka muziki, na picha zote za siku ile zilifutwa.

Tuliipeleka kwa mzee mmoja fundi wa boti za faiba. Akapitisha mkono chini ya ukingo, akatingisha kichwa. "Wanangu, mmefunga kwa skrubu. Faiba haishiki skrubu, inashika bolti." Nikakaa pale siku nzima nikimwangalia, na ndiyo maana leo nina mdomo.

Bolti inatakiwa ipenye mpaka upande wa pili, na chini yake kuwe na bamba pana la aluminiamu au chuma, siyo washa ndogo kama sarafu. Bamba ndilo linalosambaza mvuto. Bila hilo, nguvu yote inakusanyika kwenye tundu moja, na tundu linapanuka kidogo kidogo bila wewe kujua. Halafu kuna kitu wengi hawajui: boti nyingi za faiba katikati zina mbao nyepesi au sponji ngumu, zimebanwa kati ya matabaka mawili. Ukitoboa ukaacha hivyo hivyo, maji yanaingia na ile mbao inaoza kimya kimya. Mzee alikwangua sehemu ile kuzunguka tundu, akajaza epoksi, akaiacha ikauke, ndipo akatoboa upya. Kazi ya siku kadhaa, siyo ya mchana mmoja kabla ya kushuti video.

Na mtumba una mitego yake. Ule mnara ulitengenezwa kukaa kwenye boti nyingine, yenye upana mwingine na ukingo wenye mlalo mwingine. Ukiulazimisha uingie, unakaa kwa kinyongo: miguu inasukuma nje muda wote hata boti ikiwa imeegeshwa. Viungo vya kuchomelea viangaliwe kimoja kimoja kwa nyufa. Na mabamba ya chini ndiyo yanayopotea mara nyingi, maana anayefungua mnara Dubai anabeba kinachoonekana, cha chini anakiacha kule kule. Weka na chumvi yetu: bolti za chuma zikigusa aluminiamu bila kitu cha kutenganisha, bahari inaila ile aluminiamu.

Turudi kwa staa. Chini ya ukingo wa boti yake sijaona, kwa hiyo sitasema bolti hazipo. Nilichoona, na ninyi mnaweza kukiona mkisimamisha video, ni kwamba mguu wa kulia haujalala kwenye boti. Kuna uwazi, umezibwa kwa silikoni nyeupe. Silikoni inazuia maji, haishiki mnara.

Na juu ya mnara huo wamekaa watu sita! Piga hesabu ya kilo sabini kila mmoja: zaidi ya kilo mia nne, mita mbili juu ya maji, kwenye boti ndogo vile. Minara mingi inakuja na onyo la kukataza watu kupanda juu. Sijui wa kwake lilibanduliwa au limefunikwa na stika ya albamu. Hata bolti zikiwa za dhahabu, uzito ukikaa juu vile boti inapoteza mizani, wimbi moja la ubavuni linatosha.

Mnaona nakuza mambo? Novemba 2018, Ziwa Victoria upande wa Uganda, MV Templar ilizama na watu waliokuwa wanakula bata, wakiwemo watu maarufu. Walikufa zaidi ya 30. Boti ilikuwa imezidisha watu. Mnara haukuhusika pale, lakini ile hali ya "shoo iendelee, mambo mengine baadaye" naijua kwa sura.

Kilichonifanya niandike ni tangazo la juzi: kaka yetu anauza tiketi za kwenda nao Mbudya, mashabiki, na zawadi kwa atakayepiga picha kali juu ya mnara. Siyo mnara wake tena huo, ni vichwa vya watu.

Kaka, kama unasoma, na najua unasoma maana huwa unanitumia matusi inboksi: rekodi video ya chini ya ukingo. Washa tochi, tuonyeshe mabamba. Onyesha karatasi ya ukaguzi ya TASAC, sema boti inabeba wangapi, futa zawadi ya kupanda juu. Nitaiposti mwenyewe na kukuomba radhi hadharani.

Mpaka dakika hii anajibu komenti za shati tu. Mliokwisha kata tiketi, mmemuuliza?